Ufundi wa Kumwachia Bingwa

Watu wengi wanashindwa ovyo. Fundi wa mapazia alishindwa kwa mpango. Kila Jumapili alasiri, mezani kwake mwenyewe, alishindwa na mume wake vizuri kiasi kwamba mume huyo aliinuka kifua mbele, akajifuta mdomo ambao haukuwa na kitu, na kuwaeleza wote waliokuwepo makosa yao.

Mume huyo aliitwa Bingwa. Hakuna aliyempa jina hilo. Alijipa mwenyewe, kama alivyojipa kiti cha kichwani mwa meza na mto wa kukalia. Kabla ya kustaafu alikuwa mkuu wa stoo katika ofisi moja kubwa, yaani mtu wa funguo, anayeamua nani apate kalamu na nani arudi kesho. Wakurugenzi wazima walisimama mlangoni pake wakiomba karatasi, naye aliwaacha wasimame kwanza. Siku ya kumuaga, wenzake walimpa zawadi ya mchezo wa vigae ndani ya sanduku. Mkewe aliligeuza sanduku lile, akaona ubavuni picha ya watoto wanaocheka, akaelewa ni kiasi gani watu wale walikuwa wamemchoka. Mwenyewe hakuelewa kitu. Alisema wamempa mchezo huo kwa sababu walimjua kuwa ni mtu wa kufikiri.

Mchezo si mgumu. Kuna mfuko wa kitambaa uliojaa vigae vya mraba vya karatasi ngumu, na kila kigae kina kipande cha kitu: kipande cha barabara, cha ukuta wa mji, au cha shamba. Unachomoa kimoja bila kuchungulia, unakipanga mezani kando ya vile vilivyokwisha kupangwa, barabara ikutane na barabara, ukuta ukutane na ukuta. Ukitaka, unasimamisha juu yake kijitu cha mbao cha rangi yako, maana yake hapo ni pako. Mji ukizungushiwa ukuta pande zote umefungwa, na mwenye vijitu vingi ndani yake anazoa pointi zote. Mfuko ukiisha, mchezo umeisha. Ni hayo tu. Lakini katika hayo tu mna nafasi tele ya kumziba mwenzio, kumchelewesha, na kumwingilia mji wake kwa mlango wa nyuma, na hapo ndipo watu wazima wanapoanza kununiana.

Na Bingwa alijua kununa. Zamani, mchezo ukiwa bado mpya, walicheza kwa haki, na siku moja akashindwa na binti yake, aliyekuwa bado anasoma. Bingwa alirudisha vigae sandukuni kimoja kimoja, akaenda kulala mchana kweupe. Kuanzia hapo nyumba ikawa na mgonjwa asiyeumwa. Aliulizwa kama anataka chai, akajibu waulizwe wenye akili. Taa ya ukumbini iliungua, akasema wenye akili waibadilishe. Milango ilifungwa kwa kishindo. Binti akaanza kutembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba ya baba yake, akala amesimama jikoni, akawa anamtazama mama yake kwa macho ya mtu anayeuliza kosa lake ni nini. Mama alivumilia mpaka akachoka. Jumapili iliyofuata alimvuta binti jikoni, akafungua bomba maji yapige kelele kwenye sinki, akamwambia, "Leo mwachie."

"Nimwachie vipi, Mama?"

"Ukipata kigae kizuri, jifanye hujakiona."

Basi ikawa hivyo. Kumvisha Bingwa kilemba cha ukoka ikawa kazi ya nyumba kama kufagia na kupiga pasi, na fundi wa mapazia, ambaye hakujua kufanya kazi nusu nusu, akaifanya kwa ustadi. Hakushindwa mapema, kwa sababu mtu akishinda mapema anachoka na kuanza kutafuta ubaya kwenye chakula. Hakushindwa sana, kwa sababu hata mpumbavu akipewa kila kitu atajiuliza. Alimwacha Bingwa atoke jasho kidogo. Alimtisha, akamsogelea, akamfanya ashike kidevu na kuvuta pumzi, kisha kuelekea mwisho akafanya kosa moja dogo, lenye kueleweka, kosa la mwanamke aliyekuwa akiwaza mambo ya jikoni. Bingwa akalirukia kosa hilo, na usingizi wake ukawa mtamu wiki nzima.

Alimdharau. Hakuna haja ya kuzungusha maneno. Alimpikia, alimfulia, alimshonea vifungo, na alimdharau, bila kelele na bila chuki, kama unavyodharau kiatu kilichopasuka ambacho bado unakivaa kwenda dukani. Alikaa kwenye chumba chake cha kushonea, chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, mapazia ya watu yamemzunguka mpaka shingoni, akimsikia mumewe barazani akimweleza mpita njia namna alivyofunga mji mkubwa. Akawa anavuta uzi kwa meno na kujisemea, hewala, funga tu, baba, mimi ndiye niliyekushikia mlango.

Aliyemkera zaidi alikuwa shemeji yake, mdogo wake Bingwa, kinyozi mwenye kiti kimoja na maneno ya viti kumi. Kinyozi alikuja kila Jumapili na njaa yake. Alikuwa ameingizwa kwenye siri ile, lakini hakuwa na kipaji. Alijishika kichwa, akapiga makofi, akasema, "Kaka, wewe si mtu wa kawaida! Wewe ungekuwa jenerali!" Fundi wa mapazia alitamani kumchoma na sindano.

"Shemeji, punguza," alimwambia siku moja mlangoni. "Unaigiza mno."

"Lakini Kaka anafurahi."

"Kaka yako angefurahi hata akipigiwa makofi kwa kupiga chafya. Mimi ndiye ninayekuona, na mimi unanitia kichefuchefu."

Kinyozi akacheka, akaomba kijiko cha kuchukulia wali uliobaki. Ndivyo alivyokuwa, huwezi kumkata maini kwa sababu alikuwa hajui yako wapi.

Miaka ikaenda. Binti akamaliza masomo, akapata kazi ya kupima damu maabara, akahamia chumba chake cha kupanga. Bado alikuja kila Jumapili, akakaa mezani, akamwachia baba yake kwa mkono mwepesi kuliko hata wa mama. Hilo ndilo lililomuuma fundi wa mapazia. Alipomwona msichana wake akisitasita juu ya kigae kizuri na kukipeleka kusikofaa, kwa uso mkavu kabisa, alijua amemfundisha kitu ambacho mama hapaswi kumfundisha mtoto. Akabaki na haja moja tu, haja aliyolala nayo na kuamka nayo: binti yake asiolewe na mtu wa kuachiwa. Awe maskini, awe na matege, awe anakoroma, lakini awe mtu ambaye ukimshinda anasema umenishinda, halafu anaomba chumvi.

Ndipo akatokea fundi wa lifti, mpenzi wa binti. Alikuja kumchukua binti pale kwenye chumba cha kushonea, akaingia kwa haraka, akagonga kichwa kwenye fimbo ya pazia iliyokuwa inaning'inia. Akakaa chini sakafuni, akajishika paji la uso, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Pole, mwanangu!" fundi wa mapazia alisema.

"Usijali, Mama. Kichwa hiki hakina kitu cha kuharibika."

Akamsimulia alivyowahi kujifungia ndani ya lifti aliyokuwa akiitengeneza, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, akaja kuokolewa na mama mfagiaji aliyejua kitufe asichokijua yeye. Alijicheka mwenyewe bila kutaka kuhurumiwa na mtu. Fundi wa mapazia alimtazama kwa juu ya miwani yake, na moyo wake ukamwambia, huyu. Huyu hapa. Mtu anayejicheka hivi hawezi kumfungia mtu mlango kwa kishindo. Hakufikiri kwamba kila mtu anaweza kujicheka katika mambo asiyoyajali.

Jumapili ya kumleta nyumbani ikafika. Wageni wakiwa bado wanasalimiana ukumbini, binti aliingia jikoni, akafungua bomba.

"Mama, nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Amwachie Baba."

Fundi wa mapazia alisimama na sahani mkononi. Alitaka kusema, huyu mwacheni, huyu asiguswe na uchafu wetu. Badala yake ufundi ndio uliomjia kwanza mdomoni. "Umemwambia kwa kiasi gani?"

"Nimemwambia asishinde tu."

"Mwanangu, hiyo ni nusu ya somo."

Lakini Bingwa alikuwa ameshaita mezani, akitikisa mfuko wa vigae sikioni kama mtu anayesikiliza kama nazi ina maji.

Fundi wa lifti alishindwa vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza ile, kinyozi akiwemo. Alitupa vigae kama mtu anayehama nyumba inayoungua. Alisimamisha vijitu vyake kwenye mashamba yasiyo na faida. Alipata kigae cha kufunga mji wake mwenyewe, mji mzuri, uliobakiza pengo moja, akakipeleka kwenye mji wa Bingwa, akamfungia, akasema kwa tabasamu, "Karibu, Mzee." Kinyozi akapaliwa na chai. Binti alimkanyaga mguu chini ya meza, naye akadhani anapongezwa, akazidisha. Hesabu ilipofanywa, kijitu chake kwenye ubao wa pointi kilikuwa hakijatoka kona ya kuanzia, na mwenyewe alikuwa ameketi pale akichekacheka, mtu aliyefanya kazi aliyotumwa na akaifanya kwa moyo wote.

Walisubiri hotuba. Haikuja. Bingwa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akamtazama mgeni kama alivyokuwa akiwatazama zamani watu walioleta maombi ya karatasi bila muhuri.

"Kijana, wewe ndiye unayetengeneza lifti za watu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Zinapanda?"

"Zinapanda na kushuka, Mzee." Akacheka. Hakuna aliyemfuata.

"Basi mimi kuanzia leo natumia ngazi." Bingwa akamgeukia binti. "Hivi huyu ndiye uliyetuletea? Mtu mji wake uko mbele ya pua, haoni. Ataona nini? Ataona mtoto akianguka? Ataona nyumba ikivuja? Sina binti wa kumpa bwege. Mambo ya kuja hapa kuzungumza habari za ndoa nisiyasikie tena."

"Kaka amesema kweli," kinyozi alianza, kwa mazoea, kisha akaona uso wa shemeji yake na kuyameza yaliyobaki.

Fundi wa lifti alimtazama binti, binti akatazama meza. Kisha binti akasimama, akachukua mkoba wake kwenye mgongo wa kiti. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hakupaza.

"Baba, ukisema hivyo natoka naye. Na nikitoka, usinisubiri Jumapili ijayo wala nyingine."

"Toka."

"Natoka."

Fundi wa mapazia aliona mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliona binti yake akitoka kwenye mlango ule asirudi, na akaona mkono uliomsukuma ni wake mwenyewe. Kama wangecheza kwa haki toka zamani, mzee huyu angekuwa ameshazoea kushindwa, au ameshakufa kwa kununa, na katika hali zote mbili nyumba ingekuwa na amani. Dharau aliyokuwa ameitunza miaka yote ikampanda kooni.

"Kaa chini," alimwambia binti. "Na wewe, kijana, kaa." Akamgeukia mumewe. "Aliambiwa akuachie."

"Nani aliambiwa nini?"

"Huyu kijana. Aliambiwa akuachie ushinde. Aliyemwambia ni binti yako, na binti yako nilimfundisha mimi. Mdogo wako naye anakuachia. Mimi nakuachia. Sote tunakuachia kila Jumapili, Baba, tunakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa sababu ukishindwa hukaliki. Hujatushinda tangu huyu anavaa sare za shule."

Kinyozi akaanza kuzichunguza kucha zake. "Kaka," alisema, "mimi mara nyingine nilishindwa kweli."

Bingwa akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha stoo. "Mnaniachia. Mimi, niachiwe na wewe, fundi wa matandiko."

"Mapazia."

"Haya. Leo usiniachie."

Wakapanga vigae upya, wawili tu, wengine wakitazama. Fundi wa mapazia hakucheza kwa hasira. Alicheza kama anavyokata kitambaa cha mteja asiyelipa vizuri, haraka na bila huruma. Bingwa alianza mji wake mkubwa wa kila siku, ule wa kujionyesha, na mkewe akamwacha auendeleze mpaka ukameza vijitu vyake karibu vyote. Kisha akaweka kigae kimoja pembeni, barabara ndogo tu isiyo na maana, na pengo la mwisho la ukuta ule likawa na umbo ambalo hakuna kigae mfukoni kingelijaza. Bingwa alichomoa, akageuza, akajaribu huku na huku. Akachomoa tena. Vijitu vyake vilisimama ndani ya mji usiofungika, na mkewe akazunguka meza nzima akifunga hiki na kufunga kile, akizoa. Alisikia raha. Ilikuwa raha mbaya, ya kummwagia mtu maji ya baridi, na hakujizuia kuisikia. Mfuko ulipoisha hakuna aliyejisumbua kuhesabu.

Bingwa alionekana mdogo kwenye kiti chake, mto na yote. Fundi wa mapazia alisubiri kishindo cha mlango.

"Kumbe nimekuwa nikiishi na waongo," Bingwa alisema. Kisha akainua kidole, akakielekeza kwa fundi wa lifti. "Na wewe, unajua kucheza au ni bwege kweli?"

"Najua, Mzee."

"Sogea hapa. Cheza kweli. Sisemi ushinde, sisemi ushindwe. Nataka nikuone ulivyo, halafu nitajibu habari ya binti yangu."

Binti akarudisha mkoba kwenye mgongo wa kiti. Fundi wa mapazia akavuta pumzi. Hapa sasa, alijiambia. Kijana huyu atashinda au atashindwa, lakini atacheka, na mzee huyu ataona kwa macho yake mtu wa kawaida alivyo.

Fundi wa lifti alikuwa mchezaji. Hilo lilionekana tangu kigae cha tatu au cha nne. Tabasamu lilimtoka usoni, mabega yakainama, akaacha kujibu aliposemeshwa. Alijenga mji mmoja, akauongeza, akauongeza tena, kijitu chake kimoja katikati kikiulinda. Bingwa naye alicheza kama fundi wa mapazia hajawahi kumwona akicheza. Hakutoa hotuba. Hakushika kidevu. Alikuwa amepigwa muda si mrefu, bado inamuuma, na kumbe mtu anayeumia anaona. Kulimkera kidogo mkewe kukiri hilo. Mumewe hakuwa mjinga kama alivyohitaji awe.

Vigae vikapungua. Bingwa alikuwa ameweka vimiji viwili vidogo pembeni ya mji huo, kimoja huku na kimoja kule, kila kimoja na kijitu chake, na fundi wa lifti aliviona kama takataka. Kwenye mfuko kilibaki kigae kimoja, zamu ya Bingwa. Akakichomoa, akakiangalia, akakiweka taratibu. Ukuta ukakutana na ukuta. Vile vimiji viwili vikaungana na mji mkubwa, vikawa mji mmoja, umefungwa, na ndani yake vijitu viwili vya Bingwa dhidi ya kimoja. Pointi zote zikawa zake. Alikuwa ameshinda, kwa haki, hakuna aliyemwachia.

Fundi wa mapazia akamgeukia kijana, tayari kucheka naye.

Kijana hakuwa anacheka. Uso ulikuwa umemkauka. "Hiyo haikubaliki," alisema.

"Ni kanuni," Bingwa alisema.

"Ni kanuni ya wapi? Sisi hatuchezi hivyo. Mji nimejenga mimi, tangu mwanzo nimejenga mimi."

"Mpenzi," binti alisema, "ni mchezo."

"Wewe nyamaza, hukuwa unacheza." Akauchukua mfuko, akaukung'uta mezani kana kwamba kuna kigae kimefichwa, akauingiza mkono, akaugeuza ndani nje. "Na huu mfuko haukutikiswa. Nilimwona. Haukutikiswa." Akakipiga kijitu chake kwa kidole, kikaruka na kuingia chini ya kabati. Kisha akainuka, akaenda kusimama dirishani, mgongo kwa watu, akitazama ukuta wa jirani ambao haukuwa na kitu cha kutazamwa. Binti akamfuata, akamuuliza kama atakunywa chai. Akasema apewe aliyeshinda.

Na Bingwa! Bingwa alisimama, uso umenawiri kama wa bwana arusi. "Huyu!" alisema, akipiga meza. "Huyu ana damu! Mmemwona? Mwanamume akishindwa lazima imuume. Wewe kijana, njoo hapa, usiwe na wasiwasi, tutazungumza, leta watu wako wakati wowote. Binti yangu, umepata mtu!"

"Umepata mtu, mwanangu," kinyozi alisema, akapiga makofi.

Fundi wa mapazia alikuwa amekaa na mikono mapajani. Kile alichokitaka kilikuwa kimekubaliwa mezani kwake, kwa sauti kubwa, na hakukuwa na mtu wa kumrudishia. Aliuangalia ule mgongo uliokuwa dirishani. Aliujua. Alikuwa ameupikia mgongo kama ule, ameupigia pasi mashati. Kijana alikuwa amejicheka kwa kugonga fimbo ya pazia kwa sababu mapazia hayakuwa fahari yake, na alijicheka kwa kufungiwa ndani ya lifti kwa sababu alikuwa anaisimulia yeye mwenyewe. Hilo angeweza kuliona. Mwanamke anayejidai kuona pengo kwenye ukuta akiwa upande wa pili wa meza, hili hakuliona. Alijidharau hapo, kwa mara ya kwanza, na dharau ile ilikuwa kali kuliko zote alizowahi kuwagawia wengine.

Alimvuta binti jikoni. Safari hii hakufungua bomba.

"Umemwona?"

"Amechoka, Mama. Wiki nzima alikuwa ndani ya shimo la lifti, hata kulala hajalala vizuri."

"Mwanangu, nisikilize."

"Atakaa sawa. Tutacheza mmoja wa haraka, mimi na yeye, atulie. Usimwangalie hivyo ukirudi, ataona."

Wakarudi. Binti alimbembeleza kijana mpaka akakaa, akakitafuta kile kijitu chini ya kabati, akakipangusa vumbi kwa kanga ya mama yake iliyokuwa kwenye kiti, akakirudisha mbele yake. Wakaanza. Kijana alicheza bila kusema, kidevu kimekaza. Alianza mji tena, mji uleule wa kujionyesha, ukakua, na ulipobakiza pengo moja ikawa zamu ya binti kuchomoa.

Fundi wa mapazia alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha binti. Aliona kigae kile kabla hakijafika mezani. Kilikuwa na kona ya barabara, na kingewekwa pembeni ya lile pengo, mji wa kijana usingefungika tena. Mtoto mdogo angekiona. Mkono wa binti ulikwenda pale, ukasita kidogo kama wa mtu anayefikiri, ukazunguka, ukakiweka kigae mbali huko mashambani, mahali pasipo na faida yoyote. Ilikuwa kazi safi. Hata kinyozi hakuona.

"Aa, umekosea!" Fundi wa lifti alichomoa, akapata alichokitaka, akaufunga mji wake, na uso wake wote ukafunguka. Akacheka kile kicheko kizuri cha siku ya fimbo ya pazia. Akainua macho. "Umemwona mwanao, Mama? Hajui kuziba. Usijali, nitamfundisha."

"Mfundishe!" Bingwa alisema.

Fundi wa mapazia alifungua mdomo aseme kigae kile kilikuwa cha wapi. Binti akageuka kitini, akamtazama machoni, akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme. Naye, aliyekuwa amemwambia mumewe ukweli wote mchana ule mbele ya mgeni, akaufunga mdomo wake, akanyamaza.